Msago wa Evod

Meno ya mbwa hayaumani, lakini ya Evod, mnyanyua vyuma wa Mlabani, yaliumana mpaka behewa zima likanyamaza. Alilala mchana kweupe katika treni ya Mlimba, anasaga kama mashine ya mpunga iliyoingiwa na kokoto. Mbele yake Bi Fausta alimpakata mjukuu mwenye homa. Kwao, mtu mzima akisaga meno usingizini, anatafuna roho iliyo karibu. Akakunja pembe ya khanga, akamsokomezea Evod mdomoni.

Evod akaitema. “Shikamoo, bibi. Unaniua?” Hata shikamoo ilitoka na nyuzi.

“Marahaba. Unamtafuna mjukuu wangu.”

“Ni vyuma tu! Ukizoea kunyanyua kilo mia na themanini, taya linajibana lenyewe, hata usingizini. Umeniaibisha mbele za watu, niombe radhi.”

“Humu vyuma viko wapi?”

Evod akacheka, mdomo wazi. Msago ukasikika tena, mwembamba, ukitoka mapajani mwa bibi. Mtoto alikuwa amefumba macho, kidevu kinakwenda.

Kicheko kikamkauka Evod. “Ni homa hiyo, bibi,” akanong’ona.

Treni ikasimama Mlimba. Bi Fausta akamfunga mtoto mgongoni, akainuka.

“Siombi radhi,” akasema. “Nilichelewa tu kukuziba mdomo.”