Waongee na Mbao

Kiti cha mbele yangu kwenye basi alikaa fundi seremala, begi la vifaa mapajani. Simu yake ikaita, akaikata. "Hawa wauza bima wananikosesha raha," akamwambia binti aliyekaa kando yake, ambaye hakumjua. "Nikiwa kazini nimewapatia dawa. Napokea, naiacha simu mezani, napiga randa. Waongee na mbao."

Binti akacheka. "Baba, kupiga simu hizo ndiyo kazi yangu."

Fundi hakuona haya hata kidogo. "Basi kateni simu mtu akikataa!"

"Haturuhusiwi, mpaka mteja akate mwenyewe. Na akikata tu, mashine inapiga nyingine papo hapo, hata kumeza mate huwahi. Ukituacha na mbao ndipo tunapokunywa maji. Tunakuombea dua."

"Kumbe nawapumzisha?" Fundi alikuwa kama mtu aliyeibiwa. "Na usumbufu wangu je?"

Simu ikaita tena, namba ileile. Akamtazama binti, akapokea. "Haya, kunywa maji!" alifoka, akaitumbukiza begini bila kuikata.

Basi likasimama, akashuka akinung'unika. Nilitega sikio alipopita, nisikie kama bado wanauza bima. Begi lilikuwa kimya kabisa.