Kisahani Namba 1146 cha Ami Laifa

Mimi, Zoubir wa kreni ya tatu, ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kupita lango la kiwanda hiki cha chuma. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimeona Marseille, Genova na Istanbul, na kura ya safari ya Makka niliishinda mara ya kwanza tu namba yangu ilipotiwa kwenye kofia. Mara ya kwanza! Wengine wanaota mvi wakingoja. Kwa hiyo kamati ilipotafuta mtu wa kuandika habari za Laifa Boutarfa, ikaona heri imtume mwenye mkono wa baraka. Messaouda wa ofisi ya wafanyakazi alinionya: "Ukurasa mmoja, Zoubir, na habari ziwe zake, si zako." Nitajitahidi.

Laifa Boutarfa, ambaye sote tunamwita Ami, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, anastaafu leo Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2024, baada ya miaka arobaini na moja ya kazi. Aliingia Aprili 1983, kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa wafugaji wa milima ya Souk Ahras, miguuni viatu vya kuazima. Alipoona chuma kikitoka tanuruni kama asali iliyoshika moto, alimuuliza msimamizi ni nani hukizima watu wakienda nyumbani. Msimamizi akamjibu: "Hakizimwi, mwanangu. Tunaozimika ni sisi."

Wazee waliotutangulia hapa walikuwa wachunga mbuzi na vibarua wa mizabibu ya Wafaransa. Walikuwa wameambiwa maisha yao yote kwamba watu kama wao huuziwa chuma, hawakitengenezi. Uhuru ulipokuja wakaletewa tanuru na wahandisi Warusi waliofundisha kwa mikono, kwa nyusi na kwa matusi yasiyoeleweka. Wakajifunza. Treni za mawe mekundu zikashuka kutoka machimbo ya Ouenza, na mji mzima ukapakwa rangi hiyo: shuka zetu nyeupe ni za waridi hadi leo, na bibi harusi wa mji mwingine humaliza wiki nzima akizifua upya kabla hajakubali yaishe.

Hata timu yetu ya mpira imezaliwa tanuruni. Wageni walikuwa wakitupigia kelele uwanjani: "Mavi ya chuma! Mavi ya chuma!" Ami Laifa, aliyekuwa mpiga ngoma wa mashabiki, akasimama juu ya benchi akawajibu: "Na barabara mliyojia imemwagiwa nini, enyi wana wa marashi?" Kweli, ilimwagiwa mavi yetu ya chuma, zile taka ngumu za tanuru, kilomita zote arobaini. Tangu siku hiyo jina hilo tumelishona kwenye bendera.

Kazi yake ilikuwa kufungua tundu la tanuru. Hutazama kupitia kioo cha buluu, hukohoa mara moja, kisha hutaja joto. Vipimo vya kisasa vilipoletwa, mhandisi alishindana naye siku tatu. Siku ya nne mhandisi akamletea kahawa.

Januari 1995, katika miaka ambayo barabara zilikuwa hazipitiki kwa hofu ya wauaji, zamu ya kupokea haikufika. Tanuru likipoa na chuma tumboni halifufuki, linavunjwa. Ami akabaki na wenzake sita kwa siku kumi na moja, wakalilisha kwa zamu, wakalala kwenye magunia. Mkewe, Lalla Ouarda, alimpelekea kuskusi kwa gari la wagonjwa, na juu ya sufuria akabandika karatasi: "Kama unampenda huyo tanuru kuliko mimi, muoe." Karatasi hiyo anayo hadi leo. Tanuru pia lipo hadi leo, na mishahara yetu imetoka humo.

Sasa nije kwenye kura, maana nani asiyeijua. Kila Oktoba karakana yetu hupata nafasi mbili za Umra, ya mshindi na ya mtu wake. Ami ndiye aliyetufundisha tusitumie karatasi. Tunachukua vile visahani vya duara vinavyodondoka mashine inapotoboa mabamba, kila mmoja akagonga namba yake ya kazi upande mmoja na mwaka upande wa pili, vikatiwa kwenye kofia ya kazini. Ami huchota kimoja na kusoma, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumdhania uongo. Kisahani cha mshindi huwekwa kama kumbukumbu. Vingine vyote hurudishwa tanuruni siku hiyo hiyo.

Na kwa sisi tuliokosa alikuwa na maneno yake: "Namba yako haikupotea. Imekuwa nondo." Hebu fikiri, ndugu msomaji. Madaraja, hospitali, jukwaa la uwanja, mtungi wa gesi jikoni kwako: nchi hii imesimama juu ya majina yetu yasiyo na bahati. Na jina lililoyeyuka mara nyingi kuliko yote ni lake. Miaka thelathini na tatu ya kura, halijasomwa hata mara moja. Wenzake wa karakana wakisema ngoja ngoja huumiza matumbo, yeye hucheka. Lalla Ouarda ana sanduku la safari lililofungwa juu ya kabati, hulipangusa vumbi kila Oktoba. Mstaafu haruhusiwi kuingia kwenye kura. Ya leo mchana ndiyo yake ya mwisho.

Mwaka 2016 mama yangu alikuwa anakaribia kupofuka kwa sukari. Kila mtu karakanani alijua, maana mimi sijui kunyamaza. Ami akachota, akatazama, akakohoa mara moja, akasoma: "Elfu mbili mia nane na tisa. Zoubir, mshike mama mkono." Mama aliiona Kaaba kwa macho yake, akailia hadi kilemba chake kikalowa. Kufikia masika macho yalikuwa yamefunga. Nilipomwomba Ami kisahani changu ili mama akishike, aliniambia kilimponyoka, kikaangukia tanuruni. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuangusha hata kijiko.

Wiki tatu zilizopita nilimsaidia kuhamisha vitu vya kabati lake. Ndani ya kopo la chai nikakuta kisahani kimoja. Nyuma: 2016. Mbele: 1146, namba ya Laifa Boutarfa. Nimekwisha kuwaambieni, visivyotoka huyeyushwa siku hiyo hiyo.

Nilikirudisha koponi. Nilichukua nyundo nikazunguka karakana. Tuko mia na arobaini na watatu katika kura ya mwaka huu. Mia na arobaini na wawili tumegonga visahani vyetu namba moja tu, 1146. Aliyekataa ni Tahar wa mizani. Aliniambia usoni: "Mimi pia nina mama, Zoubir." Ana haki yake, na namba yake imo kwenye kofia. Kwa hiyo leo si ujanja, ni kura, na Mungu anajua itakavyotoka.

Ila wewe, Ami, hutachota. Hatukuamini tena. Atachota Lalla Ouarda, na atakayesoma kwa sauti ni Tahar mwenyewe. Karatasi hii umeipata mkononi pamoja na sisi wote, kwa hiyo kaa, usiinuke, kunywa chai yako. Kwa siku kumi na moja zile, kwa ngoma, kwa kila jina ulilolituliza lilipokuwa linarudi motoni, karakana inasema ahsante. Uishi miaka mingi yenye usingizi mrefu na shuka nyeupe, na Lalla Ouarda alishushe lile sanduku.

Ama ile bahati niliyojisifia mwanzoni, ni uongo. Mimi sikushinda. Sijawahi kushinda kitu.