Sanda ya Mama Mwajuma

Ndugu zangu, assalaam alaykum! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi ya kusimama hapa wakati wengi wa rika langu wako chini ya udongo. Ketini kidogo. Naona wengine mmeshaanza kutafuta viatu mlangoni. Maiti wetu anangoja uani na sitamchelewesha, lakini kabla hatujamvika kitambaa hiki nilichoshika, lazima mjue ni cha nani.

Mnanijua kama mzee Asumani anayeosha wafu. Vijana hamkunijua miaka ya vita, nilipokuwa muadhini wa msikiti huu. Nilikuwa na sauti, ndugu zangu! Watu wa ng'ambo ya Lualaba walisema wanaisikia. Mara tano kwa siku niliita: njooni kwenye sala, njooni kwenye kufaulu! Nikimaliza, nafungua duka langu la vitambaa sokoni Kasuku, na watu wananiambia, "Patron, wewe ulifaulu." Nami nilikubali. Nilikuwa na nyumba ya bati na baiskeli tatu, na watu walinipisha njiani. Nilidhani huko ndiko kufaulu nilikokuwa nikiwaitia watu.

Kisha njia zikafungwa. Treni haikuja, mashua hazikupanda. Wenye bunduki walikuwa mjini, wenye bunduki wengine porini, na sisi katikati. Watu walikufa kwa risasi, kwa homa, na zaidi kwa njaa. Na kila maiti alihitaji kitambaa cheupe, kwa hiyo bafta ikaadimika. Hapo ndipo shetani alipopata kibarua kwangu. Nikatoa majora yote dukani, nikayatia katika mapipa ya chuma, nikayafukia shambani kwangu Mikelenge, chini ya mihogo, nikingoja bei ipande. Naona haya, lakini nitalisema: nikisikia kilio mtaani, niliwaza bafta yangu kabla sijamwombea aliyekufa.

Siku moja, baada tu ya sala ya adhuhuri, akaja Mama Mwajuma, mjane aliyeuza sombe, majani ya mihogo, karibu na duka langu. Binti yake wa pekee alikuwa amekufa asubuhi ile.

"Papa Asumani," akasema, "mutoto iko kwa mukeka. Nipatie hata kipande. Nitakulimia mupunga mupaka useme basi."

"Iliisha, mama. Hakuna tena."

Aliniangalia. "Wewe njo uliita watu sasa hivi," akasema. "Nilisikia, njo nikakuya." Adhana yangu ndiyo iliyomleta.

Nikarudia kwamba iliisha. Nilikuwa bado na udhu, ndugu zangu! Mtoto akazikwa katika kitenge alichokuwa amejifunga mama yake, na mama akarudi nyumbani amejifunga gunia.

Mwaka haukupita. Wenye bunduki wakaja Mikelenge kung'oa mihogo, jembe likagonga chuma. Walibeba yote, hadi uzi. Nilikaa pale shambani nikalia kuliko nilivyomlilia baba yangu. Wiki ile ile mama yangu mzazi akashikwa na kuhara, na siku ya pili akaaga. Mimi, muuza bafta wa Kasuku, sikuwa na kipande cha kumfunika uso! Nikazunguka mji mzima nikipiga hodi. Kila mlango ulinipa jibu langu mwenyewe: iliisha, papa. Wengine walisema kweli. Wengine, Mungu anajua.

Nilirudi nikiwa nimekubali kumzika mama yangu katika mkeka. Uani nikamkuta Mama Mwajuma, bado amejifunga gunia, ameinama juu ya sufuria, akipasha maji ya kumwoshea. Kando yake palikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Ilikuwa sanda yake mwenyewe! Baada ya kumzika binti yake alilima mpunga wa watu msimu mzima, akaomba alipwe kitambaa badala ya chakula. Akakiweka sandukuni, kama wafanyavyo mabibi zetu, ili siku yake ikifika asimbembeleze mtu.

"Mama," nikasema, "kwa nini?"

"Mama yako hakunikosea," akajibu, wala hakuinua macho. "Leta maji ingine."

Nikaleta maji. Tukazika. Magharibi ilipofika nikasimama kuadhini kama kawaida, na nilipofika kwenye kufaulu sauti ikanikatika. Nikajaribu tena, haikutoka. Mwingine akamalizia, na tangu siku ile sikuadhini tena. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba aliyefaulu ni yule atakayeepushwa na moto na kuingizwa peponi. Neno hilo nilikuwa nikilijua kwa ulimi. Siku ile nililiona kwa macho, limevaa gunia, linapasha maji. Alhamdulillah! Mungu alinitoa katika lile pipa nililojifukia mwenyewe. Nikaomba kufundishwa kuosha wafu, na hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo.

Msidhani nilipata raha. Mapigano yaliporudi, Mama Mwajuma alikimbilia kwa kaka yake, huko Obokote. Treni ilipoanza kuja tena nilimnunulia sanda, vipande vitano kamili, sanda ya mwanamke, nikatuma habari aje aichukue. Jibu likarudi: hakufika kwa kaka yake, alikufa njiani, porini, wakamfunika kwa majani ya migomba. Sanda yake ikabaki sandukuni kwangu miaka yote hii. Nilisema ni amana.

Na leo? Huyu kijana aliyelala uani ni mchimba madini wa Pangi. Kifusi kilimwangukia, akaletwa hapa Kindu, ambako hana hata shangazi. Shehe wetu aliuliza, nani ana sanda? Mkaangaliana. Na mimi nikanyamaza, ndugu zangu! Mimi! Nikajiambia kitambaa kile ni cha Mama Mwajuma, kisihesabiwe. Nikasikia moyo wangu ukisema: iliisha. Neno lile lile, baada ya miaka yote hii. Ndiyo maana mliniona nikitoka mbio kama mwizi, na sasa nimerudi nacho.

Namshukuru Mungu aliyenishtua mara ya pili, maana mimi si mtu wa kushtuliwa mara moja. Mwaminini Yeye, msiamini mapipa. Mama Mwajuma alitoa sanda yake ya pekee, na Mola wake hatamwacha uchi.

Haya, tukamvike kijana. Mwanamume anavikwa vitatu, kwa hiyo katika hivi vitano vitabaki viwili. Sivirudishi sandukuni, naviacha hapa mbele ya shehe. Maiti anayefuata, awe mimi au wewe, ana viwili tayari. Nani ana cha tatu?