Mabawa, Pembe au Maji: Kumuaga Bwana Polikarpi Mbonimpa

Tarehe 31 Machi 1996, baada ya miaka kumi na minane ya utumishi, Bwana Polikarpi Mbonimpa, askari wa wanyamapori wa kituo cha Kibingo, alistaafu rasmi. Kamati ilitaka sherehe iwe siku hiyohiyo. Yeye akakataa katakata, kwa kuwa mwisho wa Machi korongo wanafunga safari ya kurudi Ulaya na hawezi kuwaacha waondoke peke yao. Ndiyo maana tunamuaga leo, katikati ya Aprili, mvua inamwagika na turubai linavuja. Tumeshamzoea.

Aliajiriwa mwaka 1978, miezi michache kabla ya vita, akitokea kwenye migomba ya baba yake huko Rugera. Wengine katika pori letu la akiba tulipenda nyati na nyamera, wanyama wanaoeleweka. Yeye alipenda ndege wasafiri. Keremkerem wakipita, gari lisimame. Mbayuwayu wakitua barabarani, injini izimwe. Mwaka 1984 aliwashusha wageni wa wilaya na suti zao, wakasukuma Land Rover kwenye tope ili muungurumo usiwashtue mbayuwayu wake. Mkuu wa pori, Bwana Placidius, aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

Lakini kilichotumaliza kabisa ni neno moja: korongo. Kiswahili kimelitumia kwa ndege wa miguu mirefu, kwa mnyama wa pembe zilizopinda nyuma, na kwa shimo linalochimbwa na maji ya mvua. Mwenye kujali ngeli atasema ndege amefika na shimo limetokea, tukaelewana. Bwana Mbonimpa, anayeongea Kinyarwanda nyumbani na Kinyambo sokoni, hajawahi kuhangaika na ngeli. Kwake kila kilicho kikubwa ni "li".

Machi 1987 aliita kwenye redio ya upepo: "Korongo kubwa limeingia barabara ya Kibingo, limeziba njia yote!" Mimi, mpokeaji wa redio ofisini, nikaupeleka ujumbe kama ulivyo. Lori likapakiwa mawe, vibarua wakapanda na sururu zao. Walipofika walikuta mamia ya korongo weupe wakila viwavijeshi barabarani, na Bwana Mbonimpa mbele yao akimkataza dereva kupiga honi. Lori likazama kwenye tope na kukaa huko mpaka mvua zilipokatika.

Tangu hapo Bwana Placidius akatoa amri. Kila Mbonimpa akitaja korongo, niulize: mabawa, pembe au maji? Swali jepesi, la neno moja. Yeye aliliona tusi, na hakulijibu hata siku moja. "Dada Costansia, njoo uone mwenyewe," husema, kisha anazima. Eti betri za serikali si za mizaha.

Basi, mwisho wa Machi 1992, asubuhi ya mvua kubwa, akaita: "Korongo kubwa limefika barabarani, watu hawapiti." Nikauliza. Akazima. Nikaita tena na tena mpaka nikachoka. Bwana Placidius akatazama kalenda, akasema ni msimu wa ndege, hapeleki mawe kwa ndege mara ya pili.

Safari hii lilikuwa la maji. Kalvati lilikuwa limechukuliwa na barabara imekatika katikati, chini tu ya kona ambayo dereva haoni kitu mpaka amefika. Mtu mwingine angejibu neno moja, akaenda kunywa chai. Huyu alivaa koti la mvua, akaenda kusimama juu ya kona, kutwa nzima.

Alasiri ikaja pikapu ya mfanyabiashara wa kahawa, imembeba Mukantabana, mke wa kibarua wa Kibingo, mtoto amekaa vibaya tumboni, wanakimbilia hospitali ya Nyakahanga. Dereva anasema alimwona mzee katikati ya njia, akadhani ni mambo yake ya ndege, akataka kumpita. Mzee hakusogea. Gari lilisimama bampa ikiwa kwenye magoti yake. Wakafunga machela kwa miti na blanketi la kituo, wakamvusha mama maji yakiwafika kiunoni, na ng'ambo wakapata gari lingine. Mama akapona, na binti yake akazaliwa salama.

Magharibi akaniita. Akataja mgonjwa wa pikapu, nikauliza hali yake. "Amevuka," akasema. Kisha akalalamika mpaka betri ikaisha kwamba kelele za watu zimewafukuza korongo kwenye kinamasi kilicho kando ya barabara. Jamani! Cheti tulichompa kwa tukio hilo alizibia dirisha la kituo. Na kinamasi chenyewe alitusumbua nacho miaka mingi, mpaka kikaingizwa ndani ya mpaka wa pori ili tupumzike.

Wiki iliyopita Mukantabana alikuja ofisini kwa miguu, na binti yake. Hakuwa na hotuba. Aliuliza tu nani atakaa Kibingo baada ya mzee. Bwana Placidius akafungua daftari la maombi. Kituo hakijapata mtu, na hakuna aliyekiomba. Nilitamani kulia kwa hasira.

Mzee Mbonimpa, umetuchosha, na tunakushukuru kwa moyo wote. Ukae salama Rugera na mama Speciose, migomba iwazalie, na Mungu akupe uzee mwema. Swali la Mukantabana umetuachia sisi, na mvua za vuli zinaanza Septemba.