Kivuli Hakikai Juu

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa kinyozi, na mguu wake uliokatika ulibebwa na tofali. Spana, fundi baiskeli aliyejifunza ufundi kwa kufungua vitu bila kumwomba mtu ruhusa, alikuwa ameipakata kompyuta yake kuukuu, uso ameukunja. Kila Jumapili alasiri yeye na mdogo wake wa kike, aliye kazini ng'ambo, hushindana mbio za magari kwenye gemu. Ndiyo njia yao ya kuonana. Lakini siku hizi picha inakwamakwama, gari lake linaruka kama chura, na Jumapili iliyopita mdogo mtu alisema kwa upole: "Kaka, kama inakuchosha, tuache." Neno hilo hakulisahau.

— Joto hilo, alisema Dobi, aliyeketi kando yake. Ivue nguo.

— Kompyuta ina nguo gani?

— Hilo ganda. Mficha uchi hazai!

— Joto wapi! alidakia Wembe kutoka mlangoni, kitana mkononi. Humo ndani mna vigari vidogo vya kweli. Vimeisha matairi.

— Wembe, nyoa kimya!

Mama Kahawa alikuwa akimimina.

— Mimi nasema imechoka kudanganya. Barabara haipo, miti haipo, nayo kutwa iape kwamba ipo.

— Acheni porojo! Spana alifoka. Anayejua aseme, asiyejua anywe kahawa!

Akafungua mipangilio ya gemu, akasoma kwa sauti:

— Vivuli: juu. Majani: juu. Maji: juu. Anga: juu.

Dobi akaruka nusura amwage kikombe.

— Hebu rudia! Kivuli juu? Tangu lini kivuli kikakaa juu? Kivuli kiko chini, hata kiwe cha mfalme!

— Na maji hayapandi mlima, alisema Wembe.

— Aliyepanga haya hajawahi kutoka nje!

Spana alikuwa na hasira mno hata kubisha hakuweza. Akashusha vivuli, akashusha majani, akashusha maji. Anga wakaliacha juu, ndiko kwake.

Barabara ikateleza kama mafuta.

Benchi zima likasogea kuona. Miti ikawa inapita, mikavu, imesimama juani bila kitu miguuni. Spana akainama karibu na kioo, sauti imemshuka.

— Jamani. Kumbe ilikuwa inachora kivuli cha kila jani. Kila jani! Na mimi napita mbio, sijatazama hata kimoja.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Nami nimeiita mwongo.

— Kivuli cha mvumo humfunika aliye mbali, alisema Dobi, ambaye hurusha methali bila kulenga.

Saa yao ya Jumapili ikafika, mbio zikaanza, na sauti ya mdogo mtu ikaingia, imejaa kicheko.

— Kaka! Leo umekula nini? Unaniacha!

— Kaza mwendo, bibi wee!

Wakaenda bega kwa bega, mzunguko wa kwanza, wa pili. Kisha akasema:

— Kaka, tupunguze hapo mbele. Kuna mti mkubwa kwenye kona. Kivuli chake kinavyocheza barabarani! Mimi hapo huwa napita polepole. Unakiona?

Kwa Spana, aliyeshusha vivuli, kona ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Akamtazama Dobi. Dobi akamtazama Wembe. Wembe akatazama ndani ya kikombe chake, kikavu.

Spana akakanyaga breki, akalisimamisha gari pale pale, juani, akamsubiri apite kivulini.