Mzee Kinyumenyume na Dirisha la Bibi Harusi

Hadi miguu ilipokataa kumbeba, marehemu hakuacha kutembea kinyumenyume. Miaka thelathini na minane ya kutembeza wageni ilimzoesha kuwapa watu uso na njia mgongo. Hata nyumbani alitoka jikoni hivyo hivyo, kikombe mkononi, huku anasimulia, na mkewe akipiga kelele, "Mzee, ndoo hiyo!" Mji mzima ulimwita Mzee Kinyumenyume, naye akaitika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, kifungua mimba wa mshona viatu, katika chumba cha juu cha nyumba ya tatu kutoka lango la kaskazini la mji wa kale. Alianza shule ya msingi mwaka 1954. Mwaka 1961 baba yake alifariki, na masomo yakaishia hapo. Lugha tatu za kigeni alizipata kwa masikio tu, akifagia makumbusho, alikoajiriwa mwaka 1964. Mwaka 1971 alipewa beji ya kuongoza wageni.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na opereta wa simu wa posta. Akimwonyesha nyumba yake mpya alitangulia kinyumenyume, akaangukia kreti za soda. Bibi harusi akauliza, "Na hiki ndicho kivutio cha kwanza?"

Agosti 1978 mgeni mmoja alimuuliza kwa nini dirisha la juu la mnara wa mji wa kale limezibwa kwa mawe. Hakujua, na kwake kusema "sijui" ilikuwa aibu. Marehemu alidanganya. Alisema bibi harusi alimngoja pale mume aliyekwenda safari, na habari za kifo zilipofika, baba wa bibi harusi akaliziba ili binti asiendelee kuchungulia. Jirani yake, fundi mwashi, aliposikia alicheka hadi akakaa chini. "Bibi harusi gani, bwana? Nililiziba mimi! Mnara ulikuwa ghala, popo wakitunyea mahindi."

Lakini neno likitoka halirudi. Kibao chenye hadithi hiyo kiliwekwa chini ya dirisha. Wajane wa kweli walikuja kulia pale machozi ya kweli. Mwaka 1989 binti yake wa pekee, akiwa na miaka kumi, aliandika insha kuhusu bibi harusi yule, akawa wa kwanza darasani. Baba aliisoma amesimama, akaikunja, chakula hakukigusa. Mwaka 1991 alikwenda ofisi ya mambo ya kale kuungama. Ofisa akamwambia, "Mzee wangu, nani atakata tiketi aje kuona popo?" Tangu hapo alipita chini ya dirisha lile kimya hadi alipostaafu mwaka 2009. Waongozaji wengine waliendelea kuisimulia. Majirani waliuza nyumba mmoja mmoja, zikawa za kulaza wageni wa bibi harusi, na kichochoro chake kikabaki bila mtoto.

Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alifariki hospitalini Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja na wajukuu saba. Mungu ampe pumziko lenye amani, na sisi atupe subira.

Alikuwa amemwomba binti yake aandike habari za dirisha katika wasifu huu, usomwe mbele ya mji. Kaka mkubwa alikataa: "Mtu huzikwa mara moja. Wewe unataka kumzika mara mbili?" Binti aliandika kwa kulainisha, kwamba baba aliwahi kukosea kuhusu dirisha la mnara, na Alhamisi mchana akamsomea kitandani. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa. Kisha akamshika kidole kilichokuwa juu ya karatasi.

"Futa 'alikosea', mama. Andika 'alidanganya'. Halafu unisomee tena."