Yohana Ikiring, Aliyeifikisha Meza Nzima

Wazee wetu, mama zetu, mwalimu wa kanisa, Mzee Mutwalibu na watu wa Busia mliokuja na lori, ukoo wa Ojulong wa Osukuru umemtuma Emojong, mdogo wake marehemu, awasomee jinsi ndugu yake alivyoishi, na kwa kuwa Emojong alikuwepo siku ile, ukoo umemwambia asifiche kitu.

Marehemu Yohana Ikiring alizaliwa hapa Osukuru mwaka 1911, mwezi hatuujui, ila mama yetu Asio alisema ni wakati wa kuvuna wimbi, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1922. Mwaka huo huo aliingia shule ya misheni huko Nagongera, akaiacha Desemba 1925 baba alipofariki, lakini alitoka akijua kuandika jina lake kwa herufi nzuri zilizoungana, na herufi hizo alizionea fahari maisha yake yote.

Mwaka 1930 alianza kupakia marobota ya pamba kwenye stesheni ya Tororo, na tarehe 2 Mei 1933 akaajiriwa na Mzee Mutwalibu wa Busia, mwenye malori, akawa nyapara wa wabebaji wa vitu vizito vinavyovunjika, yaani piano, makabati ya vioo na sefu za chuma. Kila kazi alitangulia siku moja kabla, akapima milango kwa kamba yenye mafundo na kuhesabu ngazi, na siku ya kubeba yeye alishika kona ya chini, ile inayoelemewa, wala hakuna aliyeachia mzigo kabla yeye hajasema. Tarehe 9 Januari 1935 alifunga ndoa na Dorcas Alupo, na wakwe zake wanacheka hadi leo kwamba alisimama mlangoni kwao na kuupima kwa macho kabla ya kuingia. Walijaliwa watoto watano, wawili Mungu akawachukua wakiwa wachanga, waliobaki ni Ekaju, Alaso na Edeku.

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwezi uliopita Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Busia kuja Tororo alitaka meza yake ya biliadi, ambayo chini ya kitambaa cha kijani ina jiwe zito, ibebwe na watu wenye bima, na huku kwetu mwenye bima ni Mzee Mutwalibu peke yake. Karatasi ya bima ilikuwa ya Kiingereza, ilitaka jina la msimamizi wa wabebaji, naye Ikiring akaliandika kwa zile herufi zake, akaturudia akitabasamu. Hakuna aliyemweleza maana ya bima, wala yeye hakuuliza, kwa hiyo aliamini, na sisi sote tukaamini pamoja naye, kwamba ameapa mbele ya serikali kuwa meza haitavunjika, na ikivunjika atakwenda jela.

Aliomba meza ifunguliwe, jiwe litolewe vipande vitatu, kila kipande kibebwe peke yake, lakini yule Mzungu hakutaka kitambaa kiguswe, basi tuliondoa miguu tu. Siku ya Jumanne, tarehe 4 Septemba 1951, saa nne asubuhi, watu kumi na sita tuliipandisha kwenye ngazi za nyumba ile mpya, na tulipofika ngazi ya saba mti wa kubebea ukakatika. Ikiring alipiga kelele, "Toka! Nyinyi yote toka!" nasi tukaruka, Emojong naye aliruka, watu wajue. Yeye mwenyewe hakutoka, aliikinga meza kwa kifua na kuegemea ukuta mpaka tulipoleta miti mingine, na kabla ya saa sita meza ilikuwa ndani ya nyumba, nzima.

Hospitali ya Tororo ilimpokea mbavu zikiwa zimeingia ndani, na kila alipopata pumzi aliuliza, "Meza iko namna gani?" naye Emojong akamjibu kwamba iko nzima, hata mkwaruzo hakuna, ndipo alipotulia.

Siku ya Alhamisi alikuja karani wa bima kutoka Kisumu, akaikagua meza pande zote, habari ya mtu hakuiuliza. Emojong alimwuliza karani huyo, ndugu yake angefungwa miaka mingapi kama ingevunjika, karani akashangaa, akasema hata ingekuwa changarawe kampuni ingeleta nyingine, hiyo ndiyo kazi ya bima, na nyapara asingeulizwa neno. Mzee Mutwalibu, ambaye amekubali tuyasome haya mbele yake, anasema alilijua hilo siku zote, akadhani kila mtu analijua.

Emojong alimweleza Alupo kwenye veranda ya hospitali, na shemeji yetu akasema, "Hapana mwambia. Wacha yeye na meza yake." Marehemu alifariki Jumamosi, tarehe 8 Septemba, saa tisa alasiri, akiwa ameuliza mara ya mwisho na kujibiwa vilevile.

Tunamshukuru daktari na wauguzi ambao hawakumwacha peke yake, majirani wa Osukuru waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ya mawe, na wabebaji wenzake kumi na wanne waliokataa lori, wakalileta jeneza mabegani kutoka Tororo.

Ikiring, mwana wa Ojulong, ungeiachia ile meza ungerudi nyumbani jioni ile. Tulijua tangu Alhamisi, ukatuuliza siku mbili nzima, tukakujibu habari za meza. Utusamehe, ndugu yetu, ulale kwa amani.